Nani kawateua? Namna ya kufuatilia mzozo wa uwajibikaji Israeli

Kijiwe chetu cha kahawa kiko Himo, hatua chache kutoka stendi. Tangu nirudi kutoka Israeli mwaka 2020, redio ikitaja nchi ile shingo zote zinanigeukia. Nilikaa kule miezi kumi na moja katika jangwa la Arava, kusini kabisa, siku moja ya wiki darasani na zilizobaki shambani, nikichuma pilipili hoho na kujifunza umwagiliaji wa matone. Hoho ndizo zinazonilisha mpaka leo. Lakini nilirudi pia na daftari la mambo niliyoyasikia mezani kwa mwenye shamba, na daftari hilo ndilo linalonisaidia kuwajibu wazee.

Swali lao moja lilinikalia moyoni. Redio ilisema serikali ya Israeli inapanga uchunguzi wa mashambulizi ya Oktoba 7, halafu pumzi ileile ikasema familia nyingi za waliouawa zinaupinga. Mzee mmoja akaweka kikombe chini: "Sasa mwanangu, si wenyewe ndio waliokuwa wanalilia tume? Wamepewa, wanakataa nini?"

Nimeandika haya kwa ajili ya swali lile. Nasi Watanzania tuna sababu ya kulijali. Siku ile ya Oktoba 7, 2023, Hamas ilipovuka uzio wa Gaza na watu wapatao 1,200 wakauawa, wawili kati yao walikuwa vijana wetu, wanafunzi wa kilimo waliokwenda kwa njia ileile niliyopita mimi. Hata miezi miwili walikuwa hawajamaliza. Vita vilivyofuata Gaza vikaua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Katika mambo mazito namna hii, mtu anayeuliza "nani anawajibika?" anastahili jibu linaloeleweka, na ili ulielewe jibu lazima kwanza ujue wenyewe wanagombana kuhusu nini.

Anza na neno

Sisi tunasema "tume ya uchunguzi", basi. Kiebrania kina majina mawili, na ugomvi wote umelala katikati ya majina hayo. La kwanza ni tume ya *mamlakhtit*. La pili ni kamati ya *memshaltit*. Mtangazaji wa Kiswahili akizitafsiri zote "tume ya serikali", ameshatupoteza kabla hajamaliza sentensi.

Mimi hukumbuka hivi. *Mamlakhtit* inatoka kwenye neno lenye mzizi mmoja na "mamlaka" yetu tuliyoipata kwa Waarabu. Hiyo ni tume ya dola. *Memshaltit* inatoka kwenye *memshala*, yaani serikali iliyopo madarakani, hawa mawaziri wa leo.

Tume ya dola inaongozwa na sheria ya mwaka 1968. Baraza la mawaziri ndilo linaloamua iundwe na ichunguze nini, lakini halichagui watu. Rais wa Mahakama ya Juu ndiye anayemteua mwenyekiti na wajumbe, na mwenyekiti ni lazima awe jaji, aliye kazini au mstaafu. Tume ina nguvu ya kumwita shahidi yeyote, waziri mkuu akiwemo. Kamati ya serikali ni kitu kingine: waziri au baraza la mawaziri huiunda na kuwachagua wajumbe wake.

Kwetu Tanzania rais ndiye anayeunda tume na kuwateua wajumbe, kama ilivyokuwa kwa tume ya rushwa ya Jaji Warioba mwaka 1996. Ndiyo maana masikio yetu hayashtuki tukisikia serikali imechagua wachunguzi. Kule wanashtuka. Familia za Oktoba 7 zinazodai tume ya dola zinasema mtu anayepaswa kuulizwa hawezi kumchagua wa kumuuliza. Upande wa serikali unajibu kwamba Mahakama ya Juu yenyewe imekuwa sehemu ya mgogoro wa kisiasa tangu 2023, na kwamba Jaji Isaac Amit, aliyechaguliwa kuwa rais wake Januari 2025, haaminiwi na sehemu kubwa ya wananchi. Waziri wa Sheria alikataa hata kumtambua. Unaweza kumwelewa kila mmoja hapo. Mimi niko upande wa familia, nakwambia mapema ili usome yaliyobaki ukijua.

Kwa hiyo ukisikia neno "tume", usiulize bado itachunguza nini wala lini itamaliza. Uliza: nani kawateua?

Acha kusema "Wayahudi wamesema"

Hili nalisisitiza kwa sababu kijiweni ndilo kosa letu kubwa. Hakuna kinywa kimoja. Niliona hivyo kwa macho yangu, kwenye meza moja yenye watu wanane.

Alhamisi, Novemba 21, 2019, jioni, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Avichai Mandelblit, alitangaza kwamba anamshtaki Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu kwa rushwa, udanganyifu na kuvunja uaminifu. Kesho yake tulikaa kula chakula cha Sabato kwa mwenye shamba. Yeye alikuwa na miaka sitini na sita. Nilimwita mzee, na neno hilo nililomfundisha alilipenda. Mkwe wake ni mpiga kura wa Likud, chama cha Netanyahu, tangu ujana. Mkate ulikuwa haujamalizika kukatwa mkwe alipoanza: haya ni mapinduzi, wanasheria wanataka kumwondoa mtu ambaye kura zimeshindwa kumwondoa. Netanyahu mwenyewe alikuwa ametumia neno hilo la mapinduzi usiku uliotangulia. Mzee akamjibu taratibu: huyo Mandelblit alikuwa katibu wa baraza lake la mawaziri, na yeye mwenyewe ndiye aliyemweka kwenye kiti cha Mwanasheria Mkuu. Mkwe akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo maana inauma zaidi. Walibishana mpaka kahawa ikaja. Halafu mkwe akamsaidia mzee kupanda ngazi, wakaagana kwa kukumbatiana.

Kwa hiyo ukitaka kuandika au kusimulia, taja nani hasa kasema: familia za waliofiwa, jeshi, mahakama, chama fulani, marabi wa kundi fulani, Waarabu raia wa Israeli. Kesi ile ilianza kusikilizwa Yerusalemu Mei 24, 2020, nikiwa bado kule. Netanyahu anakana mashtaka yote, na alianza kutoa ushahidi wake Desemba 2024.

Jambo jingine nililojifunza jioni ile ni kwamba aliyeteuliwa na mkubwa anaweza kumshitaki mkubwa. Swali la nani kawateua linafungua mlango tu. Ndani kuna maswali mengine.

Tenganisha hatia na wajibu

Kiebrania kinasema *ashma* kwa hatia na *ahrayut* kwa wajibu, na mtu anaweza kuwa na la pili bila la kwanza. Usipoliona hilo, kila ripoti utaisoma kama hukumu ya mahakama, na utashangaa kwa nini hakuna aliyefungwa.

Mfano wake mkubwa ni Beirut. Septemba 16 hadi 18, 1982, wanamgambo wa Kikristo wa Lebanoni, Wafalanji, waliingia kambi za Sabra na Shatila wakaua mamia ya raia, Wapalestina wengi wao. Jeshi la Israeli ndilo lililokuwa linashikilia eneo na ndilo lililowaruhusu kuingia. Serikali ya Waziri Mkuu Menachem Begin mwanzoni ilikataa tume. Septemba 25 watu wakajaa uwanjani Tel Aviv. Waandaaji walisema ni 400,000, katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa na watu wapatao milioni nne. Siku chache baadaye serikali ikakubali. Tume ikaongozwa na Jaji Yitzhak Kahan, rais wa Mahakama ya Juu, pamoja na Jaji Aharon Barak na jenerali mstaafu Yona Efrat.

Ripoti ya Februari 1983 ilisema waliochinja ni Wafalanji, na hakuna Muisraeli aliyebeba wajibu wa moja kwa moja. Ingeweza kuishia hapo. Haikuishia. Ikasema uko wajibu usio wa moja kwa moja, ikaenda kuutafuta kwenye Torati.

Fungua Kumbukumbu la Torati 21. Maiti imekutwa shambani, muuaji hajulikani. Wazee wanapima umbali mpaka mji ulio karibu zaidi, kisha wazee wa mji huo wanamvunja shingo mtamba bondeni, wananawa mikono, wanatamka kwamba mikono yao haikumwaga damu ile. Marabi wa kale waliuliza: hivi kuna mtu aliyedhani wazee wa mji ni wauaji? Wakajibu wenyewe kwamba wazee wanachokiri ni kingine: hakuja kwetu tukamwacha aondoke bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha aende bila kumsindikiza.

Kumsindikiza. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Bibi yangu wa Kilema hakuwahi kumruhusu mgeni aondoke peke yake mpaka amemfikisha njia kuu, na kama kuna lililompata mgeni kabla hajafika kwake, bibi aliona aibu ile ni yake. Tume ya Kahan ilimwambia Waziri wa Ulinzi, Ariel Sharon, kitu cha aina hiyo: hukuua, lakini ulipaswa kuona hatari ya kisasi kabla hujawafungulia wenye silaha mlango. Ikapendekeza aondoke kwenye wizara ile.

Februari 10, 1983, baraza la mawaziri likapiga kura kuikubali ripoti, 16 kwa 1. Jioni hiyohiyo waandamanaji waliokuwa wanaidai ripoti itekelezwe walirushiwa guruneti Yerusalemu na Myahudi mwenzao. Emil Grunzweig, mwalimu, akafa papo hapo. Ukiwasikia Waisraeli wanasema kwa sauti ya chini "tusifike tena pale", mara nyingi wanaikumbuka jioni ile.

Wapo wanaodhani uwajibikaji wa namna hii kule ni kitu kilicholetwa na mahakama za kizungu. Mishna, kitabu cha sheria za marabi cha karibu mwaka 200, kinaeleza jinsi mtu alivyoingia chumba cha hazina ya Hekalu kuchota fedha: asivae vazi lenye pindo la kuweza kuficha sarafu, wala viatu. Akija kuwa tajiri, watu wasiseme katajirika kwa fedha ya hazina. Kinaongeza kwamba mtu anapaswa kuwa safi mbele ya watu kama anavyopaswa kuwa safi mbele za Mungu, kikinukuu Hesabu 32:22. Na fedha za umma hazikabidhiwi mtu mmoja, ni wawili kwenda juu. Mama yeyote wa kikoba, mwenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, anaielewa sheria hiyo bila kusomewa.

Uliza wameambiwa wachunguze nini

Hapa ndipo mzee wa shamba alipokuwa na kidonda chake. Mwaka 1973 alikuwa na miaka ishirini, askari Sinai. Misri na Syria ziliposhambulia Oktoba 6, siku ya Yom Kippur, mfungo mkuu wa toba wa Wayahudi, wengi wa kikosi chake hawakurudi. Ikaundwa tume ya dola chini ya Jaji Shimon Agranat, rais wa Mahakama ya Juu. Wateuzi safi, wajumbe wazito. Ripoti ya awali ya Aprili 1, 1974 ikapendekeza mkuu wa majeshi David Elazar aondoke, na mkuu wa ujasusi wa jeshi Eli Zeira, na wengine wenye magwanda. Waziri Mkuu Golda Meir na Waziri wa Ulinzi Moshe Dayan haikuwagusa.

"Waliwafukuza waliovaa buti," mzee aliniambia tukipanga hoho kwenye makasha, "wakawaacha waliovaa viatu."

Hadidu za rejea zilikuwa finyu: tume iliulizwa kuhusu taarifa za siku za kabla ya vita, utayari wa jeshi, na siku za mwanzo za mapigano mpaka adui alipozuiwa. Miaka ya sera iliyotangulia, na maamuzi ya wanasiasa, vilibaki pembeni. Basi hata tume iliyoteuliwa vizuri unaweza kuifunga macho kwa namna unavyoandika swali lake. Tafuta hadidu za rejea. Tazama zinaanza mwaka gani na kuishia siku gani, na kama zinataja wanasiasa au "vyombo vya usalama" pekee.

Kilichomwondoa Golda kilikuwa kitu kingine. Afisa wa akiba aitwaye Motti Ashkenazi, aliyekuwa kamanda wa ngome moja ya Sinai ambayo haikuanguka, alikwenda kusimama peke yake mbele ya ofisi ya waziri mkuu na bango. Wiki zikapita, wakaongezeka, wakawa maelfu. Siku kumi baada ya ripoti iliyomsafisha, Golda alitangaza kujiuzulu. Mzee alisimama pale na Ashkenazi siku mbili. Hajawahi kujutia.

Tafuta onyo la zamani

Ajali kubwa ya umma huwa na barua iliyotangulia, na Israeli mara nyingi barua hiyo imeandikwa na Mkaguzi wa Dola, ofisi inayofanana na CAG wetu. Huchaguliwa na Bunge, Knesset, kwa kura ya siri, kipindi kimoja cha miaka saba bila kurudia, kwa hiyo hana wa kumbembeleza. Hawezi kumfunga mtu. Anaandika tu.

Usiku wa kuamkia Aprili 30, 2021, watu 45 walikufa kwa kukanyagana Mlima Meron, kwenye kaburi la Rabi Shimon bar Yochai, katika sikukuu ya Lag BaOmer. Walikuwa wanaume na wavulana, wengi wa jamii ya Waharedi, Wayahudi wanaoshika dini kwa ukali. Mkaguzi alikwishaonya kuhusu mahali pale katika ripoti za mwaka 2008 na 2011. Tume ya dola iliundwa serikali ilipobadilika Juni 2021, na Machi 2024 ikatoa ripoti iliyosema Netanyahu anabeba wajibu binafsi, kwa kuwa kulikuwa na msingi wa kutosha kuamini kwamba alijua hatari ile ilivyoachwa miaka mingi. Upande wake ukasema tume iliundwa na wapinzani wake kumwangamiza kisiasa. Unaona tunarudi palepale: nani kawateua? Safari hii kwa ulimi wa upande wa pili.

Usifunge daftari siku ripoti inapotoka

Hapa wengi wetu tunachoka, na ndipo jambo linapoamuliwa. Oktoba 2000 polisi waliwaua Waarabu 13 kwenye maandamano kaskazini mwa nchi, raia wa Israeli 12 na Mpalestina mmoja wa Gaza. Tume ya dola ya Jaji Theodor Or ilikosoa polisi na viongozi waziwazi mwaka 2003, ikasema pia kwamba raia Waarabu wamepuuzwa na kubaguliwa. Januari 2008 Mwanasheria Mkuu wa wakati ule alifunga mafaili: hakuna askari aliyeshtakiwa. Mama wa marehemu akisikia leo neno "tume", analisikia kwa sikio tofauti na la mzee wangu wa shamba.

Na Sharon, aliyeondolewa wizara ya ulinzi? Alibaki kwenye baraza la mawaziri bila wizara, na mwaka 2001 akachaguliwa waziri mkuu.

Upo mfano wa kinyume. Baada ya vita vya Lebanoni vya 2006, Waziri Mkuu Ehud Olmert alikwepa tume ya dola akaunda kamati ya serikali, chini ya jaji mstaafu Eliyahu Winograd. Familia zilipinga, kama sasa. Aprili 30, 2007 kamati hiyohiyo aliyoichagua yeye ikamshutumu kwa kushindwa vibaya, na umati mkubwa ukajaa uwanja wa Rabin, Tel Aviv. Hakujiuzulu wakati ule. Wanaotetea kamati ya serikali huutumia mfano huu, na ni hoja halali. Mimi naiona, lakini naona pia kwamba safari ile nchi ilipata bahati ya jaji mwenye uti wa mgongo, na huwezi kuiweka bahati kuwa sheria.

Ukurasa wangu wa Oktoba 7

Kila tume ina ukurasa kwenye daftari langu, na kila ukurasa una mistari ileile: nani kawateua, wameulizwa nini, nani alionya mapema, nani kasema "ni wajibu wangu", kimefanyika nini baadaye.

Ukurasa wa Oktoba 7 umejaa sehemu nyingine. Mstari wa wajibu una Aharon Haliva, mkuu wa ujasusi wa jeshi, aliyejiuzulu Aprili 2024. Una Herzi Halevi, mkuu wa majeshi, aliyetangaza kujiuzulu Januari 2025. Una Ronen Bar, mkuu wa Shin Bet, idara ya usalama wa ndani, aliyekiri kwamba idara yake ilishindwa, na aliyeondoka Juni 2025 baada ya serikali kutaka kumfukuza na mahakama kuingilia. Netanyahu nimemwandikia alichosema mwezi uleule wa vita kuanza, kwamba kila mtu atatakiwa kutoa majibu, yeye akiwemo, vita vikishakwisha.

Mzee alinipigia simu Oktoba 2025, miaka miwili ilipotimia. Ana miaka sabini na miwili sasa na bado anapanda hoho. Nilimsomea ukurasa mstari kwa mstari, kwa Kiebrania changu kibovu, naye alikuwa ananirekebisha majina. Nilipofika kwenye mstari wa kwanza, "nani kawateua", nilimwambia bado ni mtupu, tume ya dola haijaundwa. Akaniambia niache nafasi ya kutosha, niandike kwa penseli.

Mezani Himo nilimweleza yule mzee wa kikombe yote haya, kwa ufupi kuliko hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wale watoto wetu wawili, majina yao yatasomwa mbele ya hiyo tume?"

Nimeliandika swali lake chini ya ukurasa.